Mwaniaji wa Wadi na Ghorofa ya Jirani: Nini cha Kumuuliza Kabla ya Agosti 2027

Mwaniaji wa kiti cha wadi akiapa jukwaani kwamba akichaguliwa hakuna ghorofa nyingine itakayoota mtaani, mpigieni makofi ya adabu, kisha mmoja wenu amuulize: kwa kifungu gani? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza mwakilishi wadi kujiingiza katika kazi za utendaji za kaunti au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mwajiriwa wake. Kibali cha ujenzi ni kazi ya utendaji. Waziri wa kaunti mwenye dhamana ya mipango ya ardhi ndiye anayekitoa, baada ya maafisa wake kuipitia michoro. Sahihi ya mwakilishi wadi haimo katika karatasi hizo, na ikionekana, hapo pana kesi.

Kwa hiyo lile swali linaloulizwa sana Nairobi, "wewe unataka ghorofa au huzitaki?", halimfungi mtu. Wa Kileleshwa, mtaa wa wenye uwezo, atasema hazitaki, wa Pipeline, mtaa wa wapangaji, atasema anazitaka, na baada ya kura wote wawili wataenda zao. Mwaniaji hubanwa kwa mambo yaliyo mkononi mwake kweli, nayo si machache.

Kubwa kuliko yote ni mpango wenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya kupanga matumizi ya ardhi, na Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka mpango wa kaunti upelekwe katika bunge la kaunti, analoketi mwakilishi wadi, uidhinishwe. Mpango ndio unaosema ploti za upande huu ni za nyumba za familia moja, za barabara kuu ni za maduka na ofisi, na za kule zinaweza kubeba ghorofa ngapi. Ukiwa hai, afisa anayetoa kibali ana kamba shingoni. Ukiwa umezeeka au unabishaniwa, kila ombi huamuliwa kivyake, na anayejua mlango wa kubisha ndiye anayejenga.

Sasa tazama kalenda. Nairobi ilipangwa 1948 kama mji mkuu wa koloni, ikapata mkakati wa ukuaji 1973, kisha ikakaa miongo minne kabla ya mpango unaojulikana kama NIUPLAN, ulioandaliwa kwa msaada wa shirika la Kijapani la JICA. Huo ni wa 2014 hadi 2030. Wawakilishi watakaochaguliwa tarehe 10 Agosti 2027 watakaa hadi 2032. Maana yake, mpango unaotawala jiji utafika mwisho wao wakiwa vitini, na utakaofuata utapita mikononi mwao. Kwa mpiga kura anayejali ploti ya jirani, hakuna jambo linaloupa uchaguzi huu uzito kuliko hilo, na bado ni nadra kulisikia likitajwa katika kampeni.

Halafu kuna ada. Kila mwaka bunge hupitisha Sheria ya Fedha ya kaunti, inayopanga ada za vibali vya ujenzi na za kubadilisha matumizi ya ardhi, na pesa hizo ni mapato ya kaunti yenyewe. Bunge likiweka lengo kubwa la makusanyo kutoka kwa vibali, limewaambia maafisa, bila kulitamka, wasikatae maombi mengi. Mwakilishi anayelalamikia ghorofa asubuhi na kupigia kura lengo hilo jioni anajikata mwenyewe.

Kuna bajeti pia: wakaguzi wa majengo, magari yao, mabomba madogo ya maji taka. Na kuna usimamizi. Bunge huwahoji na kuwaidhinisha mawaziri wa kaunti kabla hawajaapishwa, na kamati zake zina mamlaka ya kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, kwa uwezo sawa na wa Mahakama Kuu katika kuita mashahidi. Waziri atakayetia sahihi vibali kwa miaka mitano lazima kwanza aketi mbele ya watu hao.

Hesabu ambayo mwaniaji anapaswa kuijua

Kuna vipimo viwili vinavyoamua ukubwa wa jengo, na mtu asiyevijua hawezi kuzungumza lolote la maana kuhusu mipango. Cha kwanza ni sehemu ya ploti inayoruhusiwa kufunikwa na jengo. Cha pili ni uwiano wa jumla ya sakafu zote na ukubwa wa ploti. Mwongozo wa kanda wa 2004, unaoligawa jiji katika maeneo yenye vipimo vyake, uliziweka Kilimani na Kileleshwa katika Kanda ya 4: jengo lifunike asilimia 35 ya ploti, sakafu zote zikijumlishwa zisizidi asilimia 75, na maghorofa yasipite manne, tena pale tu penye bomba la maji taka.

Chukua ploti ya nusu eka, takriban mita za mraba 2,000. Kwa vipimo hivyo, msingi hauzidi mita 700 za mraba na sakafu zote kwa pamoja hazizidi 1,500. Ondoa moja ya tano kwa ajili ya ngazi na korido, gawanya kwa nyumba za mita 100, unapata familia 12. Sasa weka pale jengo la ghorofa 16 kwa msingi uleule wa mita 700. Sakafu zinafika mita 11,200, yaani asilimia 560 ya ploti, na kwa hesabu ileile familia ni karibu 90.

Endelea. Tukichukulia watu wanne kwa nyumba na lita 100 za maji kwa mtu kwa siku, familia 12 zinatumia lita 4,800 na familia 90 zinatumia lita 36,000. Takriban asilimia 80 ya maji hayo hurudi kama maji taka: lita 3,840 kwa jengo dogo, lita 28,800 kwa kubwa. Gari la kunyonya la lita 10,000 lingelazimika kuja mara tatu kila siku kama hakuna bomba. Ploti kumi za namna hiyo kwenye barabara moja ya ndani ni lita 288,000 kwa siku, zikipitia bomba lililolazwa wakati kila ploti ilikuwa na nyumba moja, bustani na mbwa.

Hapo ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa mpangilio unaojulikana. Mvua ikinyesha, vifuniko vya barabarani huinuka na uchafu humwagika, kwa sababu majengo mengi yameunganisha maji ya paa na bomba la maji taka badala ya mfereji wa mvua. Maji ya mfereji hayatoshi, kwani jiji linategemea zaidi bwawa la Ndakaini na hugawa maji kwa zamu, kwa hiyo kila jengo huchimba kisima chake. Kisima kinahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na maji ya chini ya ardhi sehemu nyingi za Nairobi yana floridi nyingi, ile inayotia meno madoa ya kahawia. Barabara nayo haipanuki: ilikuwa ya magari ishirini, inabaki na upana uleule ikiwa na magari mia mbili na pikipiki za kuleta chakula.

Mjadala kuhusu kama vipimo vya 2004 bado vinabana na vipimo gani vipya vivifuate umefika mahakamani. Sina hamu ya kuutetea mwongozo ule kama msahafu. Ghorofa nne Kilimani, karibu kabisa na katikati ya jiji lililohesabiwa watu 4,397,073 mwaka 2019, ni kizuizi kikali mno. Shida ni kwamba urefu uliongezeka kabla ya bomba. Mwaniaji anayefaa huvitaja vyote viwili kwa pumzi moja.

Anayepinga kila kitu naye ana hesabu yake ya kujibu. Nyumba isipojengwa Kileleshwa, mpangaji hapotei. Huenda Rongai, Kitengela, Ruiru au Syokimau, katika kaunti nyingine, ambako sehemu kubwa ya majengo yanategemea matangi ya maji taka ya chini ya ardhi, kisha asubuhi anarudi na kuziba barabara ya Mombasa au ya Thika. Asiyeweza kwenda huko huishia kwenye majengo ya Pipeline, ambako ghorofa imekula ploti kutoka mpaka hadi mpaka na dirisha la chumba hutazama ukuta wa jirani ulio karibu kiasi cha kuuparaza kwa mkono. Pale hakuna aliyepima asilimia ya chochote. Katika mtaa wa Huruma, tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lililosimama karibu na mto liliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 40. Kanda zinazotekelezwa kwa wenye vyama vya wakazi na mawakili peke yao ndizo zinazozaa hali hiyo.

Maswali, na namna ya kusikiliza majibu

Anza na mpango. "Huu wa sasa unaisha 2030. Wadi yetu unataka iandikwe vipi katika unaofuata?" Anayejua atataja barabara kwa majina: hapa pawe na ghorofa nane kwa sababu pana bomba kubwa na matatu, kule nyuma zibaki nne mpaka bomba libadilishwe. Si lazima ukubaliane naye. Lililo muhimu ni kwamba amesema kitu kinachoweza kupingwa. Akijibu kwamba "tutawashirikisha wananchi", amekusomea Katiba tu; kushirikisha wananchi ni wajibu wake hata asipopenda.

Ukitaka kumpima zaidi, muulize kuhusu bango la tangazo. Kila anayetaka kubadilisha matumizi ya ploti anatakiwa kuutangazia umma, na tangazo hutoa siku 14 za kupeleka pingamizi kwa maandishi. Muulize mwaniaji: bango likitundikwa leo kwenye ua wa mabati, wewe utafanya nini kufikia Ijumaa? Jibu zuri lina hatua. Atatafuta nakala ya ombi na ripoti ya mpangaji aliyesajiliwa, atauliza kampuni ya maji kama bomba lina nafasi, atawaita wakazi kabla wiki ya kwanza haijaisha, na atawaambia wazi ni hoja zipi zinazobeba. "Hatulipendi" haibebi. Zinazobeba ni uwiano wa sakafu uliopitiliza, umbali kutoka mpakani usiozingatiwa, jengo kuingia eneo la barabara au la mto, bomba lisilotosha, na tangazo lililotundikwa mahali pasipoonekana.

Kuna mtego ambao wakazi wengi hunaswa nao. Kifungu cha 58 cha sheria ya 2019 kinasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Ukimya wa ofisi ni ndiyo. Na uamuzi ukitolewa, mwenye maslahi ambaye hakuridhika ana siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, kabla ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Waliokimbilia mahakamani moja kwa moja, na mawakili wa bei kali, wamerudishwa mara nyingi kwa kuiruka kamati hiyo. Kwa hiyo muulize mwaniaji kama kamati ya rufaa inakaa, ina wajumbe kamili, na imetengewa pesa katika bajeti. Hilo ni swali la usimamizi, liko ndani ya kazi yake kabisa. Na kwa anayejenga bila kibali, faini ya juu chini ya kifungu cha 57 ni shilingi 500,000 au kifungo cha miezi miwili au vyote viwili. Kwa mwenye ghorofa 16 hiyo ni bei ya kigae cha baraza. Mwaniaji akikwambia sheria ina meno ya kutosha, hajaisoma.

Wakazi wa kila wadi wana swali lao la ziada. Karen, yenye mpango wa eneo la Karen na Lang'ata wa 2006, kuna ploti nyingi zinazotegemea matangi na visima, kwa hiyo ugomvi mkuu ni kuzigawa: uliza ukubwa mdogo kabisa wa ploti ambao mwaniaji ataukubali, na atoe namba. South C na Nairobi West zimepakana na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ambako Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayosema jengo lifike urefu gani. Mwaniaji anayeahidi minara pale anaahidi anga isiyo yake.

Mukuru, eneo la mitaa ya mabanda, ni habari nyingine. Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani zilitangazwa eneo maalum la mipango Agosti 2017, hatua inayoruhusu kutumia vipimo vinavyolingana na hali halisi, kwa mfano barabara nyembamba kuliko za kawaida, ili nyumba chache zaidi zibomolewe. Mwaniaji wa huko aulizwe ameusoma mpango uliotokana na hatua hiyo au la, na njia zipi katika wadi yake zimekwisha kupimwa. Kando ya mto Mathare swali ni mita 30. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali ilibomoa nyumba kando ya mito kwa kipimo hicho, wakati kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaja eneo la kati ya mita 6 na 30 kutegemea mahali mafuriko ya juu kabisa yalipofika. Nani alipima, na alama ziko wapi? Mpangaji wa chumba cha mabati ana haki ya kuambiwa hilo kabla ya tingatinga kufika, wala hatalijua kwa kusikiliza wimbo wa kampeni.

Kumchunguza asiposema

Aliyeko kitini tayari ameacha nyayo. Hansadi za bunge la kaunti, yaani kumbukumbu za mijadala yake, ziko wazi kwa umma. Tafuta jina lake pamoja na maneno "mipango", "ujenzi" na jina la mtaa wako. Angalia kama amewahi kuomba taarifa rasmi kuhusu jengo lolote, na kama kamati husika iliwahi kuijibu. Angalia ameketi kamati gani. Aliyekaa katika kamati ya mipango na nyumba kwa miaka mitano bila kuinua sauti hata mara moja amejieleza vya kutosha. Usimhesabie taa za barabarani na vivuko vilivyotoka hazina ya maendeleo ya wadi. Hizo zinapendeza, ila haziwi kinga dhidi ya mpango mbovu.

Mgeni ana rekodi pia, ila iko mahali pengine. Kampuni anazomiliki zinaweza kutafutwa kwa ada ndogo kupitia eCitizen. Kuwa mjenzi au wakala wa ploti si kosa, na mjenzi anayejua kusoma mchoro anaweza kuwa mwakilishi bora kuliko mwanasheria asiyejua. Lakini ulizeni mbele ya watu: kamati ikijadili kanda uliko na ploti, utatoka chumbani? Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 ipo, na anayesitasita kulijibu swali hilo mwezi wa Juni hatatoka chumbani mwezi wa Disemba.

Ukitaka karatasi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako. Andika ombi lenye jambo moja mahususi: namba ya ploti, vibali vilivyotolewa, tarehe. Ukiomba "habari zote kuhusu ujenzi wa Kilimani" utapata barua ya pole. Na kifungu cha 15 cha ile Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko rasmi bungeni, kwa hiyo mnaweza kumjaribu mwaniaji aliyeko kitini leo, kabla ya kampeni: mpelekeeni malalamiko yaliyoandikwa vizuri mwone kama atayawasilisha.

Usisubiri Agosti. Katika baadhi ya wadi za Nairobi mshindi hujulikana tangu mchujo wa vyama, miezi michache kabla ya uchaguzi, na waliohudhuria mchujo huwa wachache. Kura yako pia iko pale ulipojiandikisha. Aliyehama kutoka Umoja kwenda Kilimani bila kuhamisha usajili wake kwa tume ya uchaguzi atasimama foleni kuwachagulia wengine.

Akishashinda, mtihani wa kwanza unakuja haraka sana. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufikishwa bungeni tarehe 1 Septemba, wiki tatu tu baada ya kura. Karatasi ya mkakati wa fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Kati ya hapo kaunti itakuwa inaandika mpango wake mpya wa miaka mitano, wa 2028 hadi 2032. Muulizeni mwaniaji sasa, na mtu aandike jibu lake, ni mstari gani mmoja kuhusu wakaguzi, bomba au ramani ya kanda anaotaka kuuona katika kila moja ya nyaraka hizo, na kwa shilingi ngapi.